Sahani za Idi, Kisiwa Panza hadi Shumba

Mpendwa shangazi,

Leo Idi nne. Mwanangu Sabra ametoka na wenzake kwenda kiwanjani, kavaa gauni la kijani ambalo ungelisema limemzidi urefu. Nyumba imenyamaza. Nimekaa jikoni kwako, maana bado napaita kwako, na nimeona nikuandikie yale ambayo sikuyasema ulipokuwa unanisikia.

Nataka nianze na ile Idi yetu, kwa sababu watu wanaisimulia vibaya. Wanasema Bi Zuwena, yaani wewe, alimzungusha mtoto wa kaka yake kisiwa kizima kula pilau. Hawajui tulikuwa tunatafuta nini.

Unakumbuka Khamis alikuja kwenye kumi la mwisho la Ramadhani. Tulikuwa tumeshaachana, lakini hatukuwa maadui. Akasema anamchukua Sabra kwenda kufuturu kwa babu yake Shumba, kesho atamrudisha. Kesho ikapita. Nilipompigia, akaniambia mtoto atabaki kwa wazee wake na atasomea huko huko.

"Nimesikia unaolewa," akasema. "Mwanangu halelewi na mwanamume mwengine."

"Naolewa na nani, Khamis?"

"Unamjua wewe." Akakata simu.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye mbuzi unakuna nazi. Uliisikia kila kauli, kwa sababu nilikuwa nimeiweka simu kwa sauti. Uliendelea kukuna hadi kifuu kikawa kitupu, na ukazidi kukuna. Miye niliona ni uchungu wa mtoto. Nikasema nakwenda kwa kadhi asubuhi. Ndipo uliponyanyua uso.

"Kwa kadhi utashinda," ulisema. "Halafu kila akiugua, kila akiwa na jambo, watu wa baba yake watakaa kando wakutazame. Ngoja Idi. Siku ya Idi hakuna anayemfungia mgeni mlango. Tutakwenda kwa watu wake mmoja mmoja, tutakula vyakula vyao, na tutamuomba mtoto."

Nikakwambia, "Na sukari yako?"

"Sukari yangu naijua miye."

Kwa hivyo Idi pili, asubuhi mapema, nikawasha kigari cha marehemu mumeo tukaelekea kusini. Dawa yako ya sindano ulikuwa umeiweka ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na chupa umeipakata kama mtoto mchanga. Tulipopita Mkoani uliigeuza shingo upande wa bahari, ukakaa hivyo mpaka nyumba za mji zilipokwisha. Nilidhani unatazama meli.

Tulivuka kutoka Chokocho kwa boti ya mashine. Mzee Kombo, mjomba wake Khamis, ndiye aliyesimamia harusi yetu, na wewe ulisema tukianzia kwengine ataona tumemruka. Pale Kisiwa Panza tulipokewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mkewe alitutandikia mkeka, akaleta tambi za sukari zilizopikwa na nazi na hiliki, halafu muhogo, halafu pweza wa nazi aliyelainika mpaka hahitaji kutafunwa. Mahali pengine ningelia kwa utamu wa ule mchuzi. Pale kila tonge lilinikwama, kwa sababu Mzee Kombo alikuwa chumba cha pili, kikohozi chake tunakisikia, na hatoki.

Ukala tambi zote. Nilikufinya paja chini ya kanga. Ukauondoa mkono wangu bila ya kunitazama, ukamwambia mwenye nyumba, "Mashallah, umezipatia. Niongeze kidogo."

Alipotoka, Mzee Kombo alikaa mbali nasi, akaitikia shikamoo yangu. Kisha akasema, "Raya, mtu hatafuti mume huku anadai mtoto."

"Wallahi mjomba, sijaposwa na mtu. Sijui maneno hayo yametoka wapi."

Hakunitazama mimi. Alikutazama wewe, kwa muda mrefu hadi mkewe akajifanya kukusanya vyombo. Wewe ulikuwa unakunywa maji. Ulimaliza bilauri ukaomba nyengine.

"Nitampigia Faki, babu yake mtoto," akasema mwisho. "Nitakalomwambia nitalijua mimi na yeye."

Tuliporudi pwani maji yalikuwa yamekupwa na boti imekaa mbali. Tukavua viatu, tukaenda kwa miguu kwenye tope, mimi nimeshika chupa ya dawa na mkono wako. Ulikuwa unatoka jasho kuliko jua lilivyokuwa. Nilikuomba turudi nyumbani Chake ukapumzike. Ukaniambia, "Wambaa haiko mbali."

Wambaa ndiko kwa Asha, dada yake Khamis. Unajua tulivyokuwa mimi na yeye wakati naolewa. Tulikuwa tunavaliana nguo. Siku ile alinipa mkono kama anavyopewa mtu wa afisini. Alikuwa amepika boko boko, ngano imesagika na nyama mpaka haijulikani ipi ni ipi, samli imetuama katikati na sukari imenyunyizwa juu. Akatuwekea sinia lililofunikwa kwa kawa, akatoka. Kwenye nyumba ya Asha, mgeni hakuwahi kula peke yake.

Nikamfuata jikoni. Alikuwa anakosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Wifi, mtoto wangu ana miaka sita," nikamwambia. "Amelala mbali na mimi Idi nzima. Nimekosa nini?"

Akafunga mfereji wa maji. "Hujui kweli?"

"Sijui."

Macho yalimlegea kidogo, nikaona yule Asha wangu wa zamani. "Basi kamuulize shangazi yako nani alipeleka salamu Mkoani."

Nilirudi ukumbini, nikakuta sinia limekwisha na wewe umeegemea ukuta, mdomo umekauka. Hata sikuweza kukuuliza ndani ya nyumba ya watu. Nikakuuliza ndani ya gari.

"Shangazi, salamu gani za Mkoani?"

"Endesha gari."

"Shangazi."

"Raya, endesha gari. Kesho tunakwenda Shumba. Kesho kila kitu kitasemwa."

Tukarudi Chake. Ulijipiga sindano mwenyewe, ukasali, ukajilaza. Na mimi, nikwambie kweli, niliogopa kukuuliza tena. Niliona nikiuliza nitapata jibu, na nikipata jibu sitaweza kukupeleka Shumba, na Shumba ndiko alikokuwa mwanangu.

Idi tatu mvua ilinyesha njia nzima. Tulipofika Shumba Viamboni, Sabra alikuwa kibarazani na gauni jipya, alipoliona gari akainuka. Bibi yake, Bi Fatma, akamwita ndani kwa sauti ndogo. Akageuka, akaingia. Hakulia, shangazi, na hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alikuwa ameshafundishwa kutii.

Mzee Faki hakula nasi. Aliketi kwenye kiti karibu na mlango, tasbihi mkononi, akituangalia. Bi Fatma akaleta wali, kuku wa mchuzi mzito, mkate wa kumimina uliokatwa vipande vipande vikubwa, na halua kwenye sahani ya kauri, inang'aa kwa mafuta. Nikataka kusema la kwangu nimalize. Mzee akanyanyua kidole.

"Kuleni kwanza."

Sijawahi kula chakula kirefu kama kile. Mvua inapiga bati, tasbihi inagonga, na nyuma ya pazia naiona miguu ya mtoto wangu. Nilimeza wali kwa maji. Wewe ulikula kila kitu kilichowekwa. Ulipofika kwenye halua nilikunong'oneza, "Shangazi, nakuomba." Uliikata kwa kidole ukaila, kipande kwa kipande, mpaka sahani ikabaki na maua yake.

Mzee Faki akaweka tasbihi. "Raya. Unaolewa?"

"Siolewi, baba."

"Kuna mtu Mkoani aliyenunua kitanda, anasema anaoa Chake, na jina lako limetajwa. Mimi si mtoto. Ama unasema uongo wewe, ama mtu huyo."

"Mimi sisemi uongo."

"Basi muongo nani?"

Ulinawa mkono. Ulinawa taratibu, ukajifuta kwa ncha ya kanga, ukakaa sawa.

"Muongo hakuna, Mzee Faki," ulisema. "Miye ndiye niliyezungumza na watu wa Mkoani. Raya hajui. Hajamuona mtu huyo wala hajalisikia jina lake. Nilikuwa nataka nimalize kila kitu ndipo nimwambie."

Maneno ya Khamis, macho ya Mzee Kombo, shingo yako tulipopita Mkoani, yote yakaja pamoja. Wiki nzima nimelia mbele yako, na wewe ndiye uliyeniliza.

"Kwa nini?" akauliza mzee.

"Kwa sababu nnaumwa. Dakta amenambia figo zimechoka. Huyu hana mama, hana baba, hana mume. Miye nikiondoka anabaki na nani?"

Hilo la figo nalo nilikuwa silijui. Nililisikia pale, kwenye nyumba ya watu, pamoja na wakwe niliowaacha.

Mzee Faki akasema, "Umekula halua yangu sahani nzima, na kisiwa kizima kinajua una sukari. Kwa nini umekula?"

"Ningeikataa ungesema nimekuja na kiburi."

"Ningesema," akakubali. Akamgeukia mkewe. "Mtayarishe mtoto."

Bi Fatma akaingia ndani. Khamis alikuwa ameshavuka kurudi kazini Unguja, na mbele ya baba yake asingekuwa na la kusema hata angekuwepo. Mzee akatoa sharti moja tu: Sabra asome Chake kwa mama yake, na kila skuli ikifungwa aletwe Shumba. Nikakubali kabla hajamaliza. Sabra akatoka na mkoba wake, akapita mbele ya kila mtu, akanikalia mapajani kama hajawahi kuondoka.

Nilitakiwa nifurahi. Nilifurahi, na papo hapo nilikuwa siwezi kukutazama. Njiani Sabra alisimulia vifaranga vya bibi yake na wewe ukawa unaitikia "ehe, ehe," kila mara kwa sauti iliyopungua. Kisha hukuitikia. Nikatazama kwenye kioo, nikaona kichwa chako kimeangukia bega la mtoto.

Sijui niliendesha vipi hadi hospitali. Walipopima sukari mashine haikutoa namba, ilitoa neno tu kwamba imepanda mno. Nesi akaniuliza, "Wewe nani yake?"

Nilikuwa na hasira ya kukukana, shangazi. Lakini nilisema, "Mtoto wake." Ukafumbua jicho moja, ukalifumba.

Ulitoka baada ya siku chache, mwepesi, umechakaa. Ukaishi nasi mpaka karibu na Ramadhani iliyofuata. Miezi yote ile nilikupikia ndizi za kuchemsha na samaki asiye na chumvi, nilikupiga sindano, nilikukanda miguu, na sikukuzungumzisha la Mkoani. Ulijaribu mara moja. Nilikuwa nakusuka. Ukasema, "Yule mtu hakuwa mbaya, lakini." Nikavuta nywele ukasema "ah," na hatukulirudia. Nadhani sote wawili tuliona tuna muda.

Mwaka huu nimekwenda tena, mimi na Sabra. Hakuna aliyetutuma wala hatukuwa na la kuomba. Kisiwa Panza mke wa Mzee Kombo alinipakulia pweza mara tatu, nikala mpaka nikalegeza kanga, na ndiyo mara ya kwanza niliyoujua utamu wake. Mzee Kombo alikuombea dua kabla hatujagusa chakula. Wambaa Asha alikula nasi sinia moja, akanisukumia nyama upande wangu kama zamani. Shumba Mzee Faki aliuliza kaburi lako limejengewa au bado. Nikamwambia bado. Akasema atakuja kulitazama.

Kila mlango niliobisha mwaka huu uliufungua wewe. Najua hivyo. Ningekwenda kwa kadhi ningempata Sabra, lakini nisingewapata hawa, na leo ndio watu nilionao. Uliogopa nitabaki peke yangu, sikubaki. Nakushukuru kwa hilo, na nasikitika kwamba nakushukuru kwenye karatasi.

La Mkoani nimekusamehe. Nimekusamehe siku nyingi, nafikiri tangu ulipokuwa unamwitikia Sabra pale garini na pumzi huna. Lakini ile sahani ya halua, shangazi, bado. Mzee Faki angekasirika, angenuna, angetutoa hata nje kwenye mvua, na tungerudi Idi nyengine kumuomba tena mimi na wewe. Hiyo sijaweza kukusamehe, na kila nikimuomba Mungu akupe kauli thabiti kaburini, namuomba na mimi anipe moyo wa kukusamehe hiyo.

Lala salama, mama wa upande wa baba yangu.

Mtoto wa kaka yako,
Raya