Raba Nilizozivua Benchi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia hapa Ngaramtoni, marahaba. Tumeanza kuvuna maharage, na ng'ombe wa mama yako amezaa dume.

Unaniuliza kama ufungashe uondoke kambini urudi nyumbani, kwa kuwa ligi inakaribia na kocha amempa mwenzako dakika zote za gadi, hiyo kazi ya kupandisha mpira. Mimi niliitaka kazi hiyohiyo kwenye timu ya kikapu ya kiwanda, hapa Arusha. Tulikuwa tunagombea na Eliaichi, binti wa dada yake kocha. Mazoezini nilimpita kila siku. Mechi ya mwisho ya kujipima kabla ya ligi, kocha akamwanzisha yeye.

Nikakaa benchi nimenuna. Nikavua raba, nikavaa kandambili makusudi, ili kocha anione. Haukupita muda, Eliaichi akateguka mguu.

"Anna, ingia!" kocha akaniita. Akaitazama miguu yangu, kisha akamwita msichana aliyekaa pembeni yangu. Nafasi ikawa ya huyo msimu mzima.

Kocha yule alikuwa mwonevu. Mpaka leo, na magoti yangu haya mabovu, sijamsamehe, ingawa kila Jumapili kanisani nasema nimesamehe wote. Kurudi au kubaki utaamua mwenyewe, mama. Siwezi kukwambia kwamba kocha wako atakutendea haki.

Ila raba zangu hakunivua kocha yule.

Bibi yako,
Anna