Mtani wetu ameapa kulala mlangoni kwenye maonyesho yangu

Mpendwa Bi Recheli, naomba msaada wako na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana hapa Tabora kila niliyemweleza jambo hili amenikatiza katikati na kusema nimejitakia, na labda ni kweli, lakini hata aliyejitakia anahitaji mtu wa kumwambia atokeje.

Niite Koleta. Mimi ni Mnyamwezi, kwetu ni Kigwa, ni mwalimu wa sekondari na nilichukua likizo ya masomo nikaenda kusoma shahada ya uzamili ya sanaa katika chuo kimoja Dar es Salaam, na sasa nimefika mwisho, pale ambapo mwanafunzi hakai kwenye dawati kujibu maswali bali anafanya utafiti wake mwenyewe kwa mikono yake, yaani anatengeneza kazi ya sanaa, anaandika alichokigundua wakati akiitengeneza, halafu watahini wanasafiri kuja kuiona kazi yenyewe ilipo. Mimi nilichagua njia ya zamani ya misafara. Nilijitwika mzigo kichwani nikatembea kutoka Kigwa mpaka mjini, na kila nilipopumzika nilichora kwa mkaa wale niliowakuta, juu ya magunia ya kufungia tumbaku, shingo ikiuma na mkono ukitetemeka, na mtetemeko huo ukaonekana kwenye michoro, nami nikaupenda.

Basi katika kutafuta ile njia imetuachia nini, nikafika kwenye utani. Si unajua mwenyewe, wapagazi wetu walikuwa wakishuka pwani na kupanda, wakapita kwa Wagogo, wakafika kwa Wazaramo, wakagombana, wakapatana, na mpaka leo tunatukanana bila kukasirikiana na tunazikana. Hapa mtaani Cheyo tuna mtani wetu mmoja, Bibi Mwanajuma, Mzaramo ambaye babu zake waliletwa na misafara hiyohiyo wakabaki, anauza mikeka na udi sokoni, na tangu nina akili zangu hakuna msiba wa kwetu ambao hakuja kuuchafua, maana ndiyo kazi ya mtani.

Baba yangu mzee Nikolaus alifariki mwaka jana nikiwa katikati ya utafiti. Alikuwa mtu wa reli maisha yake yote. Siku ya kumzika baba, Bibi Mwanajuma alifika Kigwa, hakutoa pole, akaingia ndani moja kwa moja akatoka amevaa koti la baba la kaki, na kofia yake, akaanza kutembea kama baba na goti lake lile bovu, akawafokea mbuzi watoke kwenye reli kama baba alivyokuwa akiwafokea, kisha akakohoa. Bi Recheli, kikohozi kilekile cha baba, kinaanzia chini kabisa, kinasimama kama kimeghairi, kinamalizia. Mama yangu Dafrosa alikuwa hajala wala kusema tangu msiba ulipoingia, akapasuka kucheka, akacheka mpaka akalia, na baada ya hapo akakubali uji. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wafiwa, simu iko ndani ya kanga, nikarekodi.

Sikumwomba Bibi ruhusa. Chuo kinataka ridhaa ya kila anayeonekana kwenye kazi, lakini mimi nilijiambia mtani haombwi, mtani anachukuliwa, yeye mwenyewe amechukua koti la baba bila kuuliza na kuku wetu wawili akaondoka nao, kwa hiyo nami nimechukua changu. Nikaandika sura nzima kwamba utani wenyewe ni ridhaa. Msimamizi wangu, Daktari Justus, mtu mzuri tu, si wa huku, aliisoma akasema hapa sasa ndipo kuna utafiti, ile michoro ya magunia ni mizuri lakini moyo wa kazi ni hii video, iwekwe peke yake kwenye chumba cha giza, ijirudie bila kukoma. Nikafuata. Na nikuambie ukweli, nilifurahi, maana kila nilipomkumbuka baba nilikuwa nikiifungua hiyo video nisikie kikohozi tu, hata kama ni cha mtu mwingine.

Mambo yaliharibika pale watu wa ukumbi wa hapa mjini nitakapoonyesha kazi walipokata kipande kidogo wakakisambaza kwenye makundi ya WhatsApp kutangaza maonyesho. Kikafika sokoni kabla ya mimi kujua. Vijana wasiomjua baba wala msiba wetu wakaanza kumfuata Bibi pale kwenye mikeka yake, bibi kohoa, bibi tembea tena, na wenzake wa msikitini wakamuuliza mama mzima wewe unavaaje makoti ya wanaume na kumchezea maiti. Aliyeniambia haya ni Shamila, mjukuu wake, tulikuwa marafiki.

Nikaenda. Kwa kawaida nikimwambia shikamoo hunijibu shikamoo ya mwizi sipokei, lete kuku kwanza. Siku hiyo aliitikia marahaba mwanangu, akanikaribisha kiti, akasema hongera kwa masomo. Basi. Afadhali angenipiga.

Halafu akafariki baba yangu mdogo, Adriano. Bibi Mwanajuma alikuja msibani, akatoa pole vizuri, akakaa na kinamama amejifunika kanga, akanyamaza mpaka tunatoka makaburini, na watani wengine walipomwona yeye amenyamaza nao wakanyamaza. Sijawahi kuona msiba mzito namna ile. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemsumbua mchimba kaburi, mjane akawa anapelekwa huku na huku kama mzigo. Tulipofika nyumbani mama akasema, mbele ya ukoo mzima, leo tumezika kama watu wasio na watani, na tangu hapo mimi hanisemeshi.

Sasa maonyesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watahini wanakuja na treni, na Shamila amenitumia ujumbe kwamba Bibi ameapa atakuja siku hiyo, atalala mlangoni amejifunika shuka kama maiti na hapiti mtu. Nimemweleza Daktari Justus, amefurahi, anasema mwache aje, tuweke kamera ya pili. Mimi silali. Nikiiondoa video naogopa nitafeli na likizo yenyewe imekwisha, nikiiacha naona aibu kupita sokoni. Je, niiache kama Daktari Justus anavyotaka? Na je, ni vibaya nikimwomba mlinzi wa ukumbi amzuie Bibi kwa upole getini? Nisaidie, Bi Recheli, siku zinakimbia.

Koleta, Tabora

BI RECHELI ANAJIBU

Koleta, nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nimekasirika vilevile.

Bahati yako mbaya umeangukia kwa Mgogo. Babu zako walipita kwetu na mizigo yao wakanywa maji yetu bila kushukuru, kwa hiyo nina haki ya kukusema nitakavyo, na gazeti halitanizuia.

Kwanza pole kwa baba. Pole ya kweli hiyo, sitanii. Katika barua yako yote ndefu, sentensi niliyoirudia ni ile ya kikohozi. Mtoto anayefungua simu kusikiliza kikohozi cha baba yake kwenye kifua cha mtu mwingine, huyo simgombezi. Kama ungeishia hapo, video ikabaki yako na mama yako, nisingekuwa na la kukuambia.

Lakini hukuishia hapo, mama. Unasema ulichukua kama mtani anavyochukua. Ebo! Mtani gani anachukua akiwa ameficha mkono kwenye kanga? Mwanajuma alipovaa lile koti, alilivaa mbele ya mjane, watoto na padri. Kuku alipowabeba aliwabeba wanapiga kelele, kila mtu anaona, na mlikuwa na haki ya kumfukuza mkamnyang'anya. Utani ni zamu. Ananichukulia leo mbele ya macho yangu, nami nitamchukulia kesho mbele ya macho yake. Wewe ulichukua hajui, ukapeleka Dar es Salaam ambako hawezi kukufuata, ukaandika sura. Zamu yake ilikuwa lini? Huo si utani, mwalimu, na wewe mwenyewe ungemkuta mwanafunzi wako amefanya hivyo ungemwita mwizi.

Tena siku ile wewe hukuwa mtani wa mtu. Ulikuwa mfiwa. Mfiwa anakaa chini, anachekeshwa, analia, anakunywa uji. Mwanajuma alikuja kuwatoa wewe na mama yako kwenye shimo, na dawa ile ilikuwa ya ua ule na siku ile. Ukiichukua ukaiwasha kwenye chumba cha giza iwe inajirudia asubuhi mpaka jioni, mbele ya watu wasio na msiba, unamfanya Mwanajuma wa watu amcheke marehemu kila dakika bila sababu. Hao vijana wa sokoni hawakukosea. Waliona ulichowaonyesha.

Huyo Daktari wako simlaumu sana, kwao pengine hakuna mambo haya na wewe ndiye uliyemwambia utani ni ridhaa. Lakini hiyo kamera ya pili, Mungu anisamehe, nimecheka kwa uchungu. Mwambie akae nayo.

Sasa nisikilize, maana muda huna.

Leo hii mpigie msimamizi wako, usimwandikie, umwambie video inatoka na ridhaa hukuwa nayo. Sema hivyohivyo, usiipambe. Afadhali ajue kutoka kwako kabla watahini hawajajua kutoka kwa maiti aliyelala mlangoni. Akisema omba kuahirisha, omba. Mimi si msanii, sijui chuo kinapima nini, lakini najua kusoma barua: ulipoeleza magunia ya tumbaku na mkono uliotetemeka, uliandika kama mtu anayejua anachofanya, na ulipofika kwenye video ukaanza kuwataja watu wengine, Daktari amesema, chuo kinataka. Umeambiwa ufanye utafiti kwa mikono yako. Kwenye video hiyo mikono yako ilikuwa imeshika simu tu. Rudisha magunia yako ukutani. Na ile sura ya ridhaa ifute, uandike nyingine ya kweli, useme ulichukua nini, na msiba wa baba yako mdogo ulikuwaje baada ya hapo. Hicho ulikigundua wewe, kwa gharama, na hakuna mwingine wa kukiandika. Ukifeli kwa ajili hiyo utaumia, sikufichi. Utarudi darasani kufundisha na utajaribu tena.

Kisha nenda kwa Mwanajuma. Simu iache nyumbani. Usiende na bahasha wala maneno ya chuoni. Mchukue mama yako, hata kama hakusemeshi. Atakwenda, mwambie tu unakokwenda. Nenda pale pale sokoni ulipomwaibishia, mbele ya wenzake wa mikeka, useme kwa sauti kwamba ule ulikuwa msiba wa baba yako, yeye alikuja kufanya kazi ya watani, na wewe ulimrekodi kwa siri. Wale vijana wasikie na wenzake wa msikitini wasikie. Kisha nyamaza. Usimwombe ajibu. Akikutoza faini, toa, na usithubutu kupunguza bei.

Na sasa hilo la mlinzi. Lo, Koleta! Mkuki kwa nguruwe. Wewe uliingia kwenye kazi yake bila hodi, yeye akitaka kulala kwenye mlango wako unatafuta mgambo! Akisukumwa na mlinzi bibi yule, hata kwa upole, usirudi Kigwa.

Tangu mwanzo wa barua mpaka mwisho unaogopa atakuja. Binti, umeelewa vibaya kabisa. Aliposema marahaba mwanangu, hongera kwa masomo, hapo ndipo ulipopaswa kukosa usingizi. Alipokaa msibani kwa adabu kama mgeni, hapo. Lakini mtu aliyeapa kuja kujilaza mlangoni kwako kama maiti, huyo bado ana hasira na wewe kama mtu wake, maana asiyekuwa wako huwezi kumlalia mlangoni. Kwa hiyo Jumamosi hiyo fungua mlango mapema na umwombe Mungu Bibi aje. Akija akakutukana mpaka watahini wasahau walichokuja kufanya, piga magoti umwambie umeshindwa. Ila akituma tu salamu kwa Shamila kwamba anakutakia mafanikio mema, acha watahini na michoro yako, kimbia Cheyo ukamlilie. Usipomrudisha, siku utakapomzika Mama Dafrosa hapatakuwa na mtu wa kuvaa kanga yake na kutembea kama yeye.