Jina Lako kwenye Karatasi ya Upasuaji

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ufunge mlango. Usimsomee shemeji barua hii, na mama asisikie hata neno moja. Ukimaliza, ichome.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania nyumbani Gatumba? "We mutoto, jicho moja inaangalia Bujumbura, ingine inaangalia Congo!" Nilicheka pia. Mama alisema nikikua litarudi mahali pake. Halikurudi. Tangu uolewe Uvira limezidi kusukumwa nje, na kazini, kule ghalani, mtaa wa viwanda wa Zone Industrielle, naona kila kitu mara mbili. Juzi niligonga muhuri mezani, pembeni ya karatasi. Mkuu wangu akaichukua karatasi, akaigonga mwenyewe.

Ni uvimbe, dada. Uko nyuma ya jicho, ndani kabisa, umeegemea mshipa wa kuona. Daktari hatapasua uso. Atapitisha puani kamera nyembamba kama mrija wa wino wa kalamu, atoboe mfupa mwembamba ulio kati ya pua na jicho, autolee uvimbe hukohuko. Alinieleza taratibu na nikaelewa yote. Kuelewa hakukunisaidia. Maana aliongeza kwamba damu ikizidi watasimama, watoke nje wamuulize mtu wangu: waache, au waendelee hata kama jicho litapotea.

"Murwaza wako iko wapi?" muuguzi akaniuliza. "Hapa mutu hapasuliwe bila ndugu wa kumulinda."

"Iko njiani," nikasema.

Kisha, kwenye karatasi ya kukubali upasuaji, nikaandika jina lako kama murwaza, nikaweka sahihi yako. Ulinifundisha mwenyewe, miaka ile ulipokuwa ukisaini bulletini zangu za shule baada ya baba kufariki, mkia wa herufi ya mwisho ukirudi chini ya jina lote.

Naogopa kuwa kipofu. Lakini naogopa zaidi mlango wa chumba cha upasuaji ufunguliwe, waite jina lako, na benchi la nje liwe tupu.

Upasuaji ni Jumatatu. Vuka mpaka mapema, usipite nyumbani, mama asije akajua. Usinipigie, simu nitaizima. Njoo hospitali ile ulikojifungulia mtoto wako wa kwanza, umuulize mlinzi jengo la upasuaji, ukae benchi lililo karibu na mlango. Beba kitambulisho, kitenge na termosi ya uji.

Wakiita jina lako, usishangae. Itika.

Mdogo wako