Kambare wa Nyuma ya Karakana

Jumanne, 8 Aprili 2025
Kambare namba saba amekaangwa. Bi Zamzam, mkaanga samaki wa Buguruni, kaniletea kile kibati cha namba nilichomtunga mgongoni mwezi Februari. "Mwalimu, samaki wako ana hereni." Niliweka alama kambare kumi na wawili mtoni Jangwani. Watano wameshaishia kwenye karai.
Nikauliza, tumboni je? Mayai tele. Kawapa paka.
Nimempigia Dk. Heriel, msimamizi wangu wa shahada. Mayai ya tumboni si ushahidi, anasema. Mto ule mchafu, kambare hawazaliani pale, wanasombwa tu kutoka juu. Nimwonyeshe yaliyotagwa.

Alhamisi, 10 Aprili
Mvua kubwa jana, ndipo kambare hutaga. Ruhusa nimenyimwa, nina vipindi vinne. Mayai ya kambare huanguliwa ndani ya siku moja tu hivi, mimi nipo ubaoni Kariakoo nachora jani!
Jioni nimezunguka kingo za mto. Hakuna kitu. Nimepita kwa Bi Zamzam nimejaa tope. Kashangaa. Kandokando pale maji yanakimbia mno, kasema — wanapanda kwenye kibonde nyuma ya karakana ya magari, kwenye majani. Tangu utotoni anawaona.
Miaka miwili natafuta. Sikuwahi kumuuliza.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua tena jana. Saa moja asubuhi Bi Zamzam kanipeleka. Maji ya magoti. Akainua jani moja — mayai, madogo kama ulezi, ya kijani, yamenata. Nimelia kidogo.
Dk. Heriel kwenye simu: "Usiguse hata jani, Fortunata. Lazima niyaone yalipo."
Saa nne, yuko njiani. Saa sita, yuko njiani. Jua kali. Maji yanashuka. Majani ya pembeni yamebaki nje ya maji, mayai yake yameshakuwa meupe.
Bi Zamzam kaja na beseni. Tuyakate majani tuyatie humu, anasema, kesho mayai yataanguliwa. Nikamweleza: nikikata, Daktari atasema nimeyatoa kwingine.
"Na yakikauka atasema nini?"
Nikampigia tena Daktari.
Saa saba. Foleni, anasema Daktari. Nivumilie.
Bi Zamzam haniulizi tena. Kapiga magoti kwenye tope, anateka maji kwa viganja, anayamwagilia majani, shina baada ya shina. Akifika mwisho, ya mwanzo yameshakauka.
Naweka daftari chini, navuta beseni.