Nachoma Nguruwe kwa Jina la Marehemu Kaka

Mpendwa mshauri, nimekwama, naomba unishike mkono. Mimi ni fundi cherehani, naishi na mama, na kaka yangu alikuwa mpishi kwenye mkahawa wa Kichina mji wa pili, kazi yake kuchoma ile nyama ya nguruwe nyekundu yenye utamu wa asali, na kwa kuwa Jumapili alikuwa hapati ruhusa ya kuja nyumbani, kila Jumapili alimpa dereva wa basi kifurushi cha nyama hiyo amletee mama. Wiki saba zilizopita kaka aligongwa na lori akafa hapohapo, na mama ndiyo kwanza alikuwa amepasuliwa moyo, yuko hospitali, baba mdogo akasema, "Mkimwambia sasa tutazika wawili," tukanyamaza, tukazika bila yeye.

Mama aliporudi nyumbani, Jumapili ya kwanza akauliza, "Mzigo wangu umefika?" Mshauri, nikasema bado, nikakimbia buchani nikanunua nyama ya bega, nikailoweka kwenye sosi ya soya, asali, tangawizi na kitunguu saumu kama nilivyowahi kumwona kaka, japo yeye aliilaza usiku kucha nami nilikuwa na saa mbili tu, nikaichoma kwenye oveni ya jirani, nikaifunga kwa karatasi kama mzigo wa kaka, mama akala. Tangu hapo nachoma kila Jumapili, na simu ya kaka tunasema imeharibika.

Jumapili iliyopita alitafuna kipande, akakirudisha sahanini. "Imeungua pembeni. Mwanangu haunguzi. Anaumwa, eh?" Nikasema ni mzima, kazi tu zimemzidi. Akaniangalia mpaka nikageuza uso. "Basi mwambie asihangaike na nyama. Aje yeye."

Baba mdogo anasema tusubiri, ila daktari amesema moyo umepona, mama anapanda ngazi mwenyewe. Nijifunze kuchoma vizuri zaidi, au nifanyeje? Mimi mwenyewe sijamlilia kaka, maana nyumbani kwetu bado yu hai.

Fundi Cherehani

*

Fundi, pole. Pole sana na msiba, maana naona hakuna aliyekupa pole.

Zile siku za hospitali siwalaumu, mliogopa. Hizi za baadaye mnamdanganya mtu mzima, na mzigo wote umeachiwa wewe. Eti ujifunze kuchoma vizuri! Hata ungechoma kumshinda kaka yako, mama hataki nyama, anamtaka mwanawe. Ameshahisi kuna jambo, na anahangaika nalo peke yake.

Kesho muone daktari, akuelekeze namna ya kumwambia na awe tayari kuitwa. Baba mdogo aje. Yeye ndiye aliyewanyamazisha, lakini maneno yatoke kwako. Iwe asubuhi, mama akiwa ameshakula na kumeza dawa. Sema "amefariki." Usiseme "ametangulia" ukamwacha akibahatisha. Kuhusu nyama, mwambie ulichoma wewe. Huenda akakufukuza chumbani, huenda asikusemeshe siku nyingi. Vumilia, mmemnyima mazishi ya mwanawe. Akitaka kwenda kaburini, mpelekeni siku hiyohiyo.

Na akianza kulia, usikimbilie jikoni kumtengenezea chai. Kaa hapohapo, nawe ulie.