Bamba la Ghorofa ya Tisa

Harare, 4 Machi 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi na Kenias tu wazima. Tunalivisha mawe jengo jipya la ghorofa kumi na mbili, na mawe yenyewe ni yale meusi ya kwetu Mutoko, yamesuguliwa mpaka unaona uso wako. Kenias anacheka: "Tumekikimbia kijiji, kimetufuata kwa lori!" Kila bamba la jiwe tunalitoboa na kulishikiza ukutani kwa pini nne za chuma. Ni kazi ya polepole, lakini halibanduki. Mwambie Mama Kenias mwanawe amenenepa.

Mwanao, Tapfuma

Mutoko, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile, dawa uliyotuma imefika. Mama Kenias amecheka, anasema, "Anenepe tu, ila mchumba anamsubiri." Karanga karibu tung'oe. Shikamaneni huko juu.

Mama yako

Harare, 9 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali vipi. Kenias mmekwisha kumzika. Sikuja, kwa sababu nisingeweza kumtazama mama yake.

Pini zilikwisha, na siku ya ufunguzi ilikaribia. Msimamizi akasema, "Pakeni gundi tu, inatosha." Kenias akakataa: "Bosi, jiwe hili watu wawili hulibeba kwa tabu. Gundi haina mikono." Akaambiwa kama hataki, lango liko wazi. Mimi niliinamisha kichwa nikapaka. Bamba la ghorofa ya tisa lililomwangukia akipita chini, nililibandika mimi.

Kisha wakubwa wa kampuni wakaniletea karatasi inayosema Kenias alisahau pini. Nikatia sahihi. Tafadhali, usimwambie mtu.

Mwanao, Tapfuma

Mutoko, 17 Juni

Tapfuma,

Mimi ni mzima. Nimemwambia Mama Kenias.

Tulikuwa tunamenya karanga pamoja. Ningekulaje naye sahani moja na hilo limenikaa kooni? Hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo hakusahau?" Nikasema, "Hakusahau. Alikataa." Akainuka. Tangu siku hiyo akienda kuteka maji anazunguka korongoni, asipite mlangoni kwangu.

Kijiji kizima kinamwita marehemu mzembe. Rudi ulikotia sahihi, ukaseme kweli. Kabla ya hapo usiniite mama.

Aliyekuzaa

Harare, 5 Septemba

Mama, nisamehe kwa kukuita hivyo,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Sijui kama miguu bado inakusumbua.

Nilikwenda ofisini kwa kampuni nikasema yote. Mkubwa wao akanitazama: "Faili limefungwa, ndugu. Ulidanganya lini, siku ile au leo?" Kazini wamenifukuza. Ukutani hakuna kilichobadilishwa; kilichobadilishwa ni jina la Kenias tu, likawa la mzembe.

Jengo limefunguliwa, watu wanalisifu. Jumamosi maharusi hupiga picha mbele ya ukuta ule unaong'aa. Mabamba ya gundi nayajua moja moja, yako juu ya vichwa vyao. Nawapigia kelele wasogee, mlinzi ananisukuma: "Toka, kichaa! Unawaharibia watu siku yao."

Mvua zinakuja, na maji hulegeza gundi. Niandikie, hata mstari mmoja.

Kesho ni Jumamosi. Nitakwenda tena.

Tapfuma