Viti Viwili vya Bujumbura

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Veridiana kapiga simu nikiwa bado na buti za kazini miguuni. Binti yangu huyu anasoma chuo kikuu huko Columbus, amepanga chumba karibu na chuo, na tangu anipite kwa hesabu amejifanya mama yangu. Akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake: zile pointi hujazigusa, sivyo?

Sijazigusa. Ila nilikuwa karibu!

Pointi za kadi ya benki. Miaka yote hii chakula, mafuta ya gari, matairi, kila kitu napitisha kwenye kadi, mwisho wa mwezi nalipa yote. Jana niliingia kwenye tovuti ya kadi kutafuta tiketi ya Bujumbura, Desemba. Pointi zangu zote — kiti kimoja. Na sisi tuko wawili, mimi na Kaka Revokatus.

Veridiana anasema kununua pale pale kwenye kadi ni kuzitupa. Zihamishie kwanza kwa shirika la ndege, uwe mwanachama wao, ununue kwa bei yao. Pointi zile zile, viti viwili. Lakini zikishahama hazirudi, anasema, kwa hiyo usifanye haraka.

Mimi nilifanya haraka lini?

Jumapili, 7 Septemba

Padri alihubiri, mimi kwa mawazo nilikuwa Mtabila, kambini kwetu Tanzania.

Kadi ya mgao. Kila tukipokea chakula kambini, mtu wa zamu anaitoboa tundu. Mahindi, njegere za njano, mafuta, chumvi. Wengine walikula mgao kama ulivyokuja. Mama hapana. Mahindi aliyapitisha kichakani kwa kujificha hadi kijijini kwa Waha, wenyeji wa pale, akarudi na muhogo. Mafuta akayabadili kwa dagaa. Alijua nani anataka nini na wiki gani ana shida nacho. Jirani wanatafuna mahindi ya kuchemsha wamenuna, sisi tunakula ugali wa muhogo na dagaa, mlango umefungwa ili harufu isitutangaze. Kaka analamba vidole, Mama anampiga kijiko kichwani.

Hivi ndivyo Veridiana anavyonifundisha leo na chati zake za kompyuta. Ningemwambia bibi yake alishayajua haya. Angeniuliza alisomea wapi.

Nimeutamani ule ugali. Hapa South End, Louisville, duka la Mkongo lina unga wa muhogo na dagaa pia. Nilinunua, nikapika. Haukuwa ule.

Jumamosi, 20 Septemba

Tulimpigia Mama. Kaka yuko kwake Tonawanda, jimbo jingine, kwenye simu yake, mimi hapa, na kule nyumbani Makamba ni Rakeli, jirani anayemwangalia Mama, amemshikia simu mbele ya uso. Amekonda. Kitambaa kichwani ni kile cha bluu nilichomtumia.

Akamsalimia Kaka vizuri kabisa. Akamuuliza kama baridi imeanza. Halafu akauliza, huyo mwanamke mwingine ni nani?

Kaka akasema ni Angelika, Mama, ni binti yako.

Mama akasema ana mtoto mmoja tu Amerika, wa kiume.

Alisema kwa adabu, kama mtu anayemrekebisha mgeni. Rakeli akaona aibu, akageuza simu tukaanza kuangalia ukuta. Mimi sijui nilipata wapi wazo lile. Nikasema, Mama, mimi ni yule wa Sikukuu ya Kupalizwa.

Uso ukabadilika! Akaanza mwenyewe, bila kukosea. Ulyankulu, kambi yetu kabla ya Mtabila, tarehe kumi na tano Agosti, misa ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Uchungu ukamshika wakati wa sadaka. Akakataa kutoka, alitaka kwanza komunyo. Wanawake wakamzungushia kanga nyuma ya kanisa, kwaya inaimba, mimi huyo. Padri akanibatiza hapo hapo. "Angelika," Mama akasema, "mbona unakawia kuja?"

Nimelia kwenye gari, mbele ya ghala ninakofanya kazi, hadi kengele ya zamu.

Kaka kasema twende wote wawili, na twende mwaka huu. Hakuna mmoja mmoja. Kiwandani kwao ameshapewa likizo.

Jumanne, 23 Septemba

Nimefanya. Nimejiandikisha uanachama wa shirika la ndege, Veridiana ananiongoza kwenye simu. Jina, anwani, barua pepe. Kisha tarehe ya kuzaliwa, hapo akaniacha, alikuwa anakimbilia darasani. Viti viwili vya Desemba vipo, nimeviona kwa macho yangu. Nikabonyeza, pointi zikahama zote. Kadi imebaki na sifuri, inanitazama.

Nimemtumia Kaka picha. Akajibu: Mama atachinja jogoo. Nikamwambia kwa hali yake atachinja paka. Tumecheka kama zamani.

Alhamisi, 2 Oktoba

Wameifunga akaunti.

Pointi zilipofika huko, nilipotaka kukata tiketi wakataka picha ya pasipoti. Nikatuma. Saa chache tu — akaunti imesimamishwa, taarifa hazilingani. Nimeangalia na nimejiona mpumbavu. Kwenye tarehe ya kuzaliwa niliandika kumi na tano Agosti. Pasipoti inasema Januari mosi.

Bila shaka inasema Januari mosi. Sisi wote inasema Januari mosi! Siku ya usaili wa kuja Amerika, kambini, afisa aliuliza, marehemu Baba akaogopa kutaja tarehe asiyo na cheti chake, akasema hatujui. Afisa akatuandikia sisi wote siku moja, mwaka tu ndio unatofautiana. Hapa Louisville kila mwaka mpya kanisa zima la Warundi tunakata keki moja na kuimbiana. Miaka yote hii nimeandika Januari mosi hospitalini, kazini, benki, uraia. Mkono unaijua wenyewe. Ila siku tatu tu kabla Mama alikuwa ameniita kwa jina. Mkono ukaandika ya Mama.

Veridiana ameniambia kwa Kiswahili, kitu asichofanya: Mama, pole.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kaka amekasirika. Si kwa pointi. Ameogopa. Usithubutu kumwambia mtu yeyote kwenye simu kwamba karatasi inadanganya, anasema. Leo ni shirika la ndege, kesho mtu anauliza kuhusu uraia. Sema ulikosea, basi. Kumi na tano Agosti haipo.

Nikamwambia ni rahisi kwako, wewe Mama anakujua.

Nilimkosea. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni tukitoka Ulyankulu, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto.

Jumanne, 7 Oktoba

Viti bado vipo. Veridiana anaangalia kila akitoka maktaba. Pointi zipo pia, nazichungulia kupitia kioo tu. Mama hakuweza kuja kwenye simu, amelala, anasema Rakeli. Saa za mchana.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo sina zamu. Nimepiga shirika la ndege, nimeweka simu mezani, spika imewashwa, na Kaka na Veridiana nimewaunganisha. Muziki mrefu. Chai imepoa.

Amepokea mwanamke, mpole kweli, anaongea polepole baada ya kusikia Kiingereza changu. Ameiona pasipoti. Anasema ni jambo dogo, makosa ya kuandika hutokea kila siku, anaweza kufungua akaunti sasa hivi na kunikatia viti vyote viwili nikiwa bado kwenye simu. Kaka ameshusha pumzi hadi nimeisikia kutoka Tonawanda.

Kitu kimoja tu. Simu inarekodiwa, anasema, inabidi nikiseme kwa mdomo wangu. Akasoma kutoka mahali fulani: je, ninathibitisha kwamba tarehe kumi na tano Agosti si siku yangu ya kuzaliwa, na haijawahi kuwa?

Nimekisogeza kikombe cha chai. Nimekirudisha.

Akauliza kama bado nipo. Nikasema nipo.

Veridiana ameandika kutoka Columbus: viti vimebaki hivyo viwili tu, sema.

Kaka ananong'ona kwa Kirundi. Sema, mdogo wangu. Mama hatasikia.

Najua hatasikia. Ndiyo njia pekee ya kumfikia na kila mtu hapa ana haki. Ni neno moja. Yule mwanamke anasema nisiwe na haraka, ana muda. Nimevuta daftari na kalamu ili mkono upate kazi, maana mdomo —

Ameuliza tena.